Durban na maziwa ya milimani: maji ya mapumziko yalikotoka

Mji wa Durban unajulikana kote barani Afrika kwa bahari yake. Hata hivyo, kila ifikapo mwisho wa juma, na hasa wakati wa likizo za shule, wakaazi wake wengi huipa bahari kisogo na kushika barabara kuu ya N3 kuelekea nyanda za juu, ambako kuna maziwa matulivu chini ya safu ya milima ya Drakensberg.

Safari yenyewe si ndefu. Kwa mwendo wa saa moja na dakika kadhaa, gari huwa limekwisha kuupita mji wa Pietermaritzburg, makao makuu ya jimbo la KwaZulu-Natal, na kufika kwenye maji ya Midmar, karibu na mji mdogo wa Howick. Kwa mwendo wa saa tatu hivi, msafiri hufika Hifadhi ya Taifa ya Royal Natal, mahali ambapo ukuta wa majabali wenye urefu wa kilomita tano umesimama kama pazia mbele ya macho.

Huko hakuna joto la pwani wala malaria, na katika maji yale ya baridi hakuna mamba. Kuna mahema, nyumba ndogo za wageni, mashua za tanga, wavuvi wa ndoana, na jioni moshi wa nyama choma ukipaa taratibu juu ya maji. Ni pumziko la watu wa kila tabaka, na tangu kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi, la watu wa kila rangi.

Lakini mgeni kutoka Afrika Mashariki, aliyezoea Victoria, Tanganyika au Kivu, hushangaa anapoelezwa kwamba maziwa anayoyaona hayakuwapo wakati babu zake walipokuwa vijana. Yalijengwa na binadamu, kwa kazi maalumu, na mengine yamefunika ardhi iliyokuwa makazi ya watu.

Ziwa ambalo ni bwawa

Afrika Kusini, pamoja na ukubwa wake wote, ni maskini wa maziwa ya asili. Ziwa Fundudzi, katika jimbo la Limpopo, hutajwa mara kwa mara kuwa ndilo la pekee la maana lililo mbali na pwani. Mengine, kama Sibaya na St Lucia, yako kaskazini mwa Durban katika tambarare za mchanga karibu na bahari, mbali na milima.

Sababu iko ardhini. Maziwa makuu ya Afrika Mashariki yalitokana na Bonde la Ufa, ambako gamba la dunia linapasuka na kutanuka, na mabonde yaliyodidimia yakajaa maji. Huku kusini mpasuko wa namna hiyo haukutokea karibu na Drakensberg. Mito hushuka moja kwa moja kutoka kileleni hadi baharini bila kupata shimo la kupumzikia.

Milima yenyewe ni mizee mno. Sehemu yake ya juu ni mawe meusi ya volkano yaliyomwagika kiasi cha miaka milioni 180 iliyopita, wakati bara kubwa la kale lililoziunganisha Afrika, Amerika ya Kusini, India na Antaktika lilipoanza kuvunjika. Tabaka hilo lina unene wa zaidi ya meta 1,000, na limelala juu ya mawe laini ya mchanga. Tangu wakati huo, mvua na mito vimekuwa vikiuchonga ukingo wake.

Linganisha na Virunga, kwenye mpaka wa Kongo, Rwanda na Uganda. Volkano za huko ni changa na bado zinawaka: Nyiragongo ililipuka Januari 2002, na tena Mei 2021, na mara zote mbili wakaazi wa Goma walikimbia. Lava ya volkano hizo ndiyo iliyoziba mito ya zamani na kuyapa maziwa kama Kivu na Bunyonyi umbo tunalolijua leo.

Kwa maneno mengine, hata Kivu na Bunyonyi ni mabwawa, ila ukuta wao ulijengwa na moto wa volkano. Chini ya Drakensberg, ukuta ulijengwa na wahandisi. Kiswahili hutofautisha ziwa na bwawa, na tofauti hiyo ina maana kubwa hapa, kwa sababu bwawa ni mali ya mtu au ya taasisi fulani, na mwenye mali ndiye aamuaye maji yaende wapi.

Mlima wa mikuki

Wazulu huiita milima hiyo uKhahlamba, jina ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni boma la mikuki. Walowezi wa Kidachi waliiita Drakensberg, yaani mlima wa dragoni. Kilele cha juu kabisa cha safu hiyo, Thabana Ntlenyana, chenye meta 3,482, kiko ndani ya Lesotho. Hicho ni kifupi kikilinganishwa na Kilimanjaro na meta zake 5,895, lakini katika nchi za kusini mwa Afrika hakuna mlima unaokishinda.

Hifadhi ya kwanza milimani humo, Giant's Castle, ilitengwa mwaka 1903 ili kuwanusuru pofu, swala wakubwa kuliko wote, waliokuwa wakimalizwa na bunduki. Hifadhi ya Taifa ya Natal ilifuata mwaka 1916. Neno Royal, lenye maana ya kifalme, liliongezwa baada ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza kuzuru hapo pamoja na jamaa yake mwaka 1947.

Mwaka 2000, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiorodhesha hifadhi nzima ya uKhahlamba-Drakensberg, yenye eneo la takriban hekta 243,000, kuwa Urithi wa Dunia. Mwaka 2013 ikaunganishwa na hifadhi ya Sehlabathebe ya Lesotho, na sasa ni urithi wa nchi mbili.

Sifa iliyotambuliwa na UNESCO ni ya namna mbili: uzuri wa maumbile, na sanaa ya Wasan. Katika mapango na chini ya miamba ya mchanga kuna michoro ipatayo 35,000, ya pofu, wawindaji na waganga waliomo katika hali ya njozi. Wachoraji wenyewe hawapo tena kama jamii milimani humo. Katika karne ya 19 waliwindwa na kufukuzwa, na waliobaki wakamezwa na jamii jirani.

Nao waliofuata hawakukaa salama. Chifu Langalibalele wa Wahlubi aliwekwa na serikali ya kikoloni chini ya milima hiyo, watu wake wawe kinga baina ya mashamba ya walowezi na Wasan. Mwaka 1873 alipokataa amri ya kuandikisha bunduki za vijana wake, aliandamwa hadi Lesotho, akakamatwa na kupelekwa kisiwa cha Robben. Ardhi ya Wahlubi ikagawanywa.

Maji yapandayo mlima

Kutoka kwenye ukuta wa majabali wa Royal Natal huanguka maporomoko ya Tugela, ambayo kwa vipimo vilivyozoeleka yana meta 948 na huhesabiwa miongoni mwa maporomoko marefu zaidi duniani. Huo ndio mwanzo wa mto Thukela, mkubwa kuliko mito yote ya KwaZulu-Natal.

Msafiri anayetaka kupumzika kando ya maji karibu na hifadhi hiyo ana maziwa kadhaa ya kuchagua: Woodstock, Kilburn, Spioenkop, na juu ya ukingo, upande wa jimbo la Free State, Sterkfontein. Yote yana uhusiano na Thukela, na ni rahisi kudhani kwamba maji yake ni ya Durban. Sehemu kubwa yake huenda kwingine kabisa.

Johannesburg, mji uliozaliwa mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu, haukujengwa kando ya mto mkubwa wala ziwa. Uko upande wa pili wa Drakensberg, katika bonde la mto Vaal, ambao maji yake huishia Bahari ya Atlantiki. Leo jimbo la Gauteng, ambamo mji huo umo, lina watu zaidi ya milioni 15. Katika miaka ya 1970 serikali iliamua kuyachukua maji ya Thukela yaliyokuwa yakielekea Bahari ya Hindi na kuyavusha mlima.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Maji ya Thukela huzuiwa Woodstock, kisha hupelekwa kwa pampu na mifereji hadi bwawa dogo la Kilburn chini ya mlima. Usiku na mwisho wa juma, wakati matumizi ya umeme ni madogo, mitambo iliyochimbiwa ndani ya mlima huyasukuma maji kwenda juu hadi Driekloof, ambalo ni kama kidole cha ziwa Sterkfontein. Wakati nchi inapohitaji umeme mwingi, sehemu ya maji hayo huachiwa yateremke kupitia mitambo ileile, ambayo sasa hugeuka na kufua umeme hadi megawati 1,000.

Yanayobaki juu huhifadhiwa Sterkfontein. Ukuta wake wa udongo una kimo cha meta 93, na uwezo wa ziwa hilo unazidi meta za ujazo bilioni 2.6. Halina hata njia ya kumwagia maji ya ziada kama mabwawa mengine, kwa sababu kijito chake cha asili ni kidogo mno kuweza kulifurisha. Karibu kila tone lililomo limepandishwa kwa pampu. Bonde la Vaal linapokumbwa na ukame, maji huachiwa yaelekee Johannesburg.

Kwa mtu aliyekuja kupumzika, maelezo haya yana faida ya moja kwa moja. Akikuta ukanda mpana wa udongo mtupu kati ya nyasi na maji, ajue kwamba ziwa limetumika. Kilburn hupanda na kushuka siku hadi siku kwa kadiri ya mahitaji ya umeme, na kwa hiyo si mahali pa kuwaachia watoto wacheze ukingoni. Sterkfontein hubadilika kwa mwendo wa miezi na miaka, na maji yake yasiyo na tope huwavutia waendesha mashua na wavuvi.

Spioenkop nalo lina historia ya pekee. Juu ya kilima kinachotazamana na ziwa hilo, mwezi Januari mwaka 1900, Makaburu waliwashinda Waingereza katika moja ya mapigano makali ya vita vyao. Mohandas Gandhi, wakati huo wakili kijana wa Durban, alikuwa miongoni mwa Wahindi wa Natal waliobeba majeruhi katika vita hivyo. Mashabiki wa soka wa Afrika Mashariki wanaolitaja jukwaa la Kop la uwanja wa Anfield mjini Liverpool wanakitaja kilima hicho, pengine bila kujua.

Bomba la Durban

Durban yenyewe hutegemea zaidi mto mwingine, uMngeni, ambao jina lake sikio la Mswahili hulipokea kama neno mgeni. Mto huo huanzia kwenye eneo la majimaji katika vilima vilivyo mbele ya Drakensberg, eneo ambalo tangu mwaka 2013 limo katika orodha ya maeneo oevu yanayolindwa na mkataba wa kimataifa wa Ramsar.

Kutoka hapo hadi baharini, mto huo umezuiwa mara nne: Midmar, Albert Falls, Nagle na Inanda. Nagle ndilo la zamani zaidi, la mwaka 1950. Midmar lilikamilika mwaka 1965, na ukuta wake ukaongezwa kimo mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata sasa lina uwezo wa kubeba zaidi ya meta za ujazo milioni 230.

Midmar ndilo linalopendwa zaidi na watu wa Durban. Kila mwezi Februari hufanyika hapo mashindano ya kuogelea ya Midmar Mile, yaliyoanza mwaka 1974, ambapo washindani huvuka ziwa kwa umbali wa maili moja. Kwa miaka kadhaa maelfu kwa maelfu wameshiriki, na mashindano hayo yametambuliwa kuwa makubwa kuliko yote ya kuogelea katika maji ya wazi.

Wanaoogelea wanaogelea katika maji watakayokunywa. Maji ya Midmar husafishwa na kupelekwa kwa mabomba Pietermaritzburg na sehemu za Durban, mji mkuu wa manispaa ya eThekwini yenye watu zaidi ya milioni nne. Uhusiano huo ulidhihirika wakati wa ukame wa miaka ya 2015 na 2016, ambapo mabwawa ya uMngeni yalipungua sana na wakaazi wakawekewa vikwazo vya matumizi. Bwawa la Spring Grove, lililokamilika mwaka 2013 kwenye mto Mooi ili kuongezea maji ya uMngeni, lilisaidia kupunguza makali.

Waliohamishwa

Kabla ya Midmar kujaa, bondeni humo waliishi watu. Familia za Waafrika zilizokuwa katika makazi ya Zenzele na mashamba ya jirani ziliondolewa katika miaka ya 1960, na nyingi zikapelekwa katika kitongoji kipya kilichojengwa juu ya ziwa. Kitongoji hicho kinaitwa Mpophomeni, neno la Kizulu lenye maana ya mahali penye maporomoko ya maji.

Waliohamishwa walipoteza malisho, mashamba na makaburi. Walipata nyumba ndogo zilizopangwa kwa mistari, katika utawala ambao haukuwaruhusu kumiliki ardhi mahali walipozaliwa. Ziwa lililochukua bonde lao likawa mahali pa mapumziko ambapo, kwa sheria ya wakati huo, hawakukaribishwa.

Leo historia imewarudia watumiaji wa maji kwa njia isiyotarajiwa. Mifereji ya maji taka ya Mpophomeni, iliyojengwa kwa ajili ya watu wachache na kutotunzwa ipasavyo, imekuwa ikifurika mara kwa mara na kumwaga uchafu katika kijito cha Mthinzima, ambacho huingia Midmar. Wanamazingira wamelalamika kwa miaka mingi, wakaazi wamejitolea kupima maji na kuripoti mifuniko inayovuja, na serikali imeahidi na kuanza ujenzi wa mtambo wa kusafisha maji taka.

Kwa hiyo mji wa Durban hauwezi kuwa na maji safi huku waliohamishwa kwa ajili yake wakiishi katika mazingira machafu. Hilo ni jambo la huruma, lakini pia ni jambo la kihandisi: kijito kinateremka, na ziwa liko chini.

Nani aliruhusiwa kupumzika

Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma iliipa serikali na manispaa uwezo wa kutenga mabustani, fukwe, maliwato na viti vya umma kwa kila rangi, na ilisema wazi kwamba si lazima huduma hizo ziwe sawa. Mjini Durban mabango yaligawa hata mchanga wa ufukweni. Kambi na hoteli nzuri za milimani zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliyelala huko kwa kawaida alikuwa mfanyakazi.

Mwaka 1989 wanaharakati waliandamana kwa kuingia katika fukwe za Wazungu za Durban, na mwezi Novemba mwaka huo Rais F. W. de Klerk alitangaza kufunguliwa kwa fukwe zote nchini. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1990. Ina maana kwamba Mwafrika wa Durban aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa na umri wa miaka 40 alipoweza, kwa haki, kutandika mkeka popote alipopenda kando ya maji ya nchi yake.

Historia hiyo inawagusa pia watu wenye asili ya pwani yetu. Kuanzia mwaka 1873, mwaka uleule wa masaibu ya Langalibalele na pia wa kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar, meli za Uingereza zilileta Durban watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walikuwa wapatao 500, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Hapa walijulikana kama Wazanzibari.

Waislamu miongoni mwao walikaa King's Rest, katika eneo la Bluff lililo kando ya bahari, wakajenga msikiti na kudumisha lugha na mila zao. Katika miaka ya 1960, sheria ya kutenga makazi kwa rangi iliwaondoa hapo na kuwapeleka Chatsworth, mbali na pwani. Watawala waliwaorodhesha kama Waasia wa aina nyingine, kwa vile hawakujua wawaweke wapi.

Chatsworth lilirudi katika habari Aprili 2015, wakati mashambulizi dhidi ya wageni yalipozuka Durban. Maelfu ya Wamalawi, Wakongo, Warundi na wengine walikimbilia kambi za mahema huko na Isipingo. Baadhi yao walitoka kando ya Kivu na Tanganyika, na walikuwa wamekwisha kuhama mara moja au mbili kabla ya hapo. Kwa watu kama hao, neno hema lina kumbukumbu ambazo mtalii hana.

Kwa mgeni wa Afrika Mashariki

Hata hivyo, Waafrika Mashariki wanaoishi Durban hupanda milimani, kwa vikundi vya makanisa na misikiti, kwa familia, au kwa gari la kukodi la watu kumi na kitu wanaochangiana mafuta. Kwa anayekusudia kwenda, mambo machache yafaa kuzingatiwa.

La kwanza ni majira. Mvua hunyesha zaidi kati ya Novemba na Machi, na alasiri huleta radi kali, ambazo katika nyanda hizi ni miongoni mwa nyingi zaidi nchini. Anayepanda mlima huanza alfajiri na kurejea kabla ya mawingu kufunga. Kuanzia Mei hadi Agosti anga ni jeupe na maji ni tulivu, lakini usiku ni wa baridi kali. Septemba 2024 theluji nzito iliifunga N3 karibu na Harrismith, na magari mengi yakakwama usiku kucha.

La pili ni malazi. Kambi ndani ya hifadhi, ikiwemo Thendele iliyo Royal Natal, husimamiwa na idara ya wanyamapori ya jimbo, Ezemvelo KZN Wildlife, na hujaa mapema wakati wa likizo. Kwenye mabwawa kuna viwanja vya mahema vyenye gharama nafuu zaidi. Kila aendaye mbali na kambi hutakiwa kujiandikisha katika kitabu cha wapanda milima, ili asiporudi atafutwe.

La tatu ni usalama wa maji. Konokono wa kichocho hupendelea maji ya joto ya chini, kwa hiyo hatari ni kubwa zaidi katika mabwawa yaliyo karibu na Durban kuliko ya milimani. Lakini maji ya mlimani ni ya baridi ya kushtua, na upepo huamka ghafla. Aliyejifunza kuogelea Bahari ya Hindi asijidanganye.

La nne ni hati. Mpaka wa Lesotho hupita ukingoni mwa milima, na mahali pengi hauna uzio wala askari. Barabara maarufu ya Sani huvuka mpaka huo rasmi, na pasipoti huhitajika. Kibali cha mwomba hifadhi si hati ya kusafiria, na anayetoka Afrika Kusini kwa kibali hicho anaweza kuzuiwa kurudi. Kwa mwenye kibali hicho, mapumziko salama ni yale ya chini ya ukuta wa majabali.

Bwawa lijalo

Durban inaendelea kukua, na mafuriko ya Aprili 2022 yaliyoua zaidi ya watu 400 yalionyesha udhaifu wa mitambo yake ya maji. Kituo cha kusafisha maji cha Tongaat kiliharibiwa, na baadhi ya fukwe zikafungwa kwa sababu ya maji taka. Mwaka 2023 mamlaka ya maji ya jimbo zima iliwekwa chini ya shirika moja, uMngeni-uThukela Water.

Wataalamu wanakubaliana kwamba uMngeni umefika kikomo. Mpango uliochorwa kwa miaka mingi ni kulizuia kwa mara ya kwanza jito la uMkhomazi, linalotoka ndani ya hifadhi ya Drakensberg na kuingia baharini kusini mwa Durban. Bwawa litakalojengwa limepewa jina la Smithfield, na maji yake yatapitishwa kwa handaki refu chini ya vilima hadi kwenye mabomba ya mji.

Likikamilika, bila shaka ramani za watalii zitaliita ziwa. Kutakuwa na mashua, viwanja vya mahema, na watoto watakaokua wakidhani limekuwapo daima. Fidia, makazi mapya, mifereji ya maji taka na haki ya wenyeji kunufaika na wageni ni mambo yanayoweza kuandikwa katika mikataba kabla ukuta haujaanza kupanda. Midmar halikupata nafasi hiyo. Smithfield bado linayo.